Kanyanga Ilikuwa ya Buibui

Ninyi vijana munanitumia picha kwenye telefoni. Buibui mudogo kama punje ya ulezi, picha yenyewe inatetemeka, hata macho yake hayahesabiki, halafu munaandika: "Mama Nsimire, huyu ni aina gani?" Mimi ninajibu neno moja: Sijui. Kisha ninasikia munacheka kule labo, eti mama amezeeka, macho yamekwisha. Macho yangu ni mazima, asante. Kaeni chini niwaambie kwa nini hilo "sijui" lilinitoa kwenye kwaya, mimi ambaye ndiye nilikuwa ninaanzisha nyimbo, na kwa nini mpaka leo Jumapili munanikuta kwenye benchi ya nyuma kabisa, karibu na mulango.

Labo yetu ya zamani, maabara ya buibui, ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu katikati ya Goma. Musiitafute, iko chini ya lava. Cheo changu, kwenye karatasi, kilikuwa mutu wa kuandaa. Ndiyo kusema: kuosha vichupa, kutoa buibui kwenye majani makavu na kuwatia katika pombe wasioze, kuandika etiketi, kuweka kila kitu tayari ili wakubwa waje watazame. Kutazama haikuwa kazi yangu. Lakini nani atakukataza kutazama kitu unachoshika siku nzima?

Aliyenifundisha ni Papa Mumbere, Munande wa Butembo, mufupi, mwenye koti moja la kaki na maneno machache. Wiki ya kwanza nilijivuna sana. Nilitenga buibui kwa rangi: wekundu huku, weusi huku, wenye madoa huku. Nilimuita aone. Alitazama, akachukua sahani zote tatu, akazimwaga pamoja kwenye sahani moja.

"Anza tena," akasema. "Rangi itatoka. Weka shati yako katika pombe miezi sita, halafu uniambie ilikuwa rangi gani."

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Nilipata buibui mudogo, safi, miguu yote minane, nikamupa jina na kuandika etiketi. Papa Mumbere akamulaza chini ya mikroskopu, akaniita kwenye dirisha. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita. Akanionyesha mutoto mumoja wa primere. "Huyu ataoa nani?" Nikamwambia, Papa, huyu mutoto bado, nitajuaje? "Na yule uliyemuandikia jina bado vilevile. Buibui ambaye hajakomaa hana kitu cha kukuonyesha. Andika: mutoto, sijui." Niliona haya mpaka nikashindwa kula saa sita.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Kando ya mudomo wa buibui kuna mikono miwili mifupi. Si miguu, musihesabu na miguu. Dume akikomaa, ncha za mikono hiyo zinavimba kama glavu za mupiga bokisi, na ndani ya glavu kuna vitu vidogo vimekunjwa: kulabu, mwiba, kijiko, uzi uliojizungusha. Kila aina ina vya kwake. Jike naye, chini ya tumbo, ana kibamba kidogo chenye matundu mawili, na kibamba hicho kinapatana na glavu za dume wa aina yake. Buibui wawili wanaweza kufanana kama mapacha, ukubwa mumoja, macho yamepangwa sawasawa, lakini mwiba wa glavu ukiwa tofauti, kila mutu ana nyumba yake.

Na lazima utazame mukono wa kushoto kwa wote, kila siku. Ukilinganisha wa kushoto na wa kulia utagundua aina mupya kila asubuhi, na utakuwa mujinga kila jioni.

Ili buibui asilale ovyo, Papa Mumbere alitumia muchanga wa volkano. Tulikuwa tunauchekecha kwa kitambaa chembamba, tunauchemsha katika sufuria, tunauweka kwenye sahani chini ya pombe. Unachimba kishimo kwa sindano, unamulaza buibui ubavu, anatulia palepale ulipomuweka. Na kwa kuwa muchanga wetu ni mweusi, na buibui hao ni weupe-weupe, unaona mpaka unywele. Kibamba cha jike kikikataa kuonekana, tunakitia katika mafuta ya karafuu, yale ya farmasi ya kutuliza jino, kinakuwa wazi kama kioo. Labo yetu ilinuka daktari wa meno. Munacheka, lakini ninyi na mashine zenu zenye taa munamuweka buibui kwenye sahani tupu, anateleza kama sabuni.

Papa Mumbere alikuwa amekwisha kufa wakati nilipowapata wale buibui watatu walioleta kesi yote hii. Walitoka kwenye majani yaliyooza, kipande cha pori kilichobaki juu ya Munigi. Katika sahani ileile kulikuwa na aina tunayoijua, wengi, mwiba wa glavu umepinda kama sindano ya kushona viatu. Na kati yao madume watatu wazima, na wa nne aliyevunjika, mwiba umenyooka, ubavuni una kijino kimoja. Niliwalaza kwenye muchanga. Niliwageuza. Niliondoka, nikanywa chai, nikarudi. Kijino kilikuwa palepale, kwa wote watatu, mukono wa kushoto. Aina mupya, na aliyeiona ni mimi. Mimi mutu wa kuosha vichupa!

Nikamuandikia profesa wetu, aliyekuwa mbali, kwenye muji mukubwa. Nikachora kile kijino kwa penseli, nikamutumia na yule wa nne aliyevunjika. Jibu lilichukua muda, likaja na abiria wa ndege: "Mama, ni aina moja. Tofauti unayoiona ni namna buibui alivyolala. Andika jina moja kwenye etiketi zote, hifadhi watano, wengine tupa."

Namna alivyolala! Mimi niliyefundishwa na Papa Mumbere kumulaza buibui! Nilikasirika mpaka nikavunja kichupa kitupu. Kisha nikachukua penseli, si biki, maana wino wa biki unayeyuka katika pombe na unabaki na karatasi nyeupe kama mujinga, nikaandika etiketi ya wale watatu: "Munigi. Majani yaliyooza. Si yule wa kwanza. Sijui." Nikaitumbukiza ndani ya kichupa pamoja nao.

Baada ya hapo uasi ukaja. Shefu wetu, mukubwa wa labo, akakimbia, akaniachia funguo na akasema, "Mama, chunga." Ndege zikakatika, barua zikakatika, na pombe ya labo ikakatika. Munaelewa maana yake? Pombe inatoroka katika kizibo kidogo kidogo. Ikishuka, buibui anakauka, anavunjika kama jani. Wale watatu walikuwa ndio pekee duniani, kwa kadiri nilivyojua, na mutu mwenye cheo alikuwa ameandika kwamba hawapo. Wakiharibika, neno lake ndilo linabaki.

Basi nikaenda soko la Birere kununua kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji.

Mara ya kwanza niliibiwa. Mama muuzaji alikuwa ameongeza maji. Nilijaza vichupa vya wale wa aina ya kwanza ili nijaribu, na baada ya siku chache nikakuta supu: miguu huku, vichwa huku, glavu zimeanguka chini. Nilikaa nikalia kama mutu aliyefiwa. Toka siku ile nikaanza kupima palepale sokoni. Ninachuchumaa, ninamimina kidogo kwenye kizibo cha chupa ya soda, ninawasha kibiriti.

"Mama, unanitukana!" muuzaji akapiga kelele. "Kanyanga yangu unaipima na kibiriti?"

"Ikiwaka bluu, ninanunua. Ikikataa, kunywa mwenyewe."

Iliwaka bluu, ile ya kwanza kutoka kwenye muvuke, kali mpaka inatoa machozi. Nikanunua chupa mbili. Nikanusa kizibo, nikapaka kidogo kwenye kidole nione kama inakauka haraka. Na nilipoinua kichwa, nani anasimama mbele yangu na kikapu cha muchicha? Mama mumoja wa kwaya, sauti ya pili. Akatazama chupa. Akatazama kidole. Akasema "Bwana asifiwe," akaenda haraka kuliko mutu anayefukuzwa.

Katika kanisa letu kanyanga si jambo la kuchezea. Ukionekana nayo, unaitwa mbele ya wazee wa kanisa, na Jumapili unasimama mbele ya watu wote unasema nimekosa. Wanakuombea, mambo yanakwisha. Ukikataa, unawekwa chini ya nidhamu: huimbi kwaya, hukaribii meza ya Bwana, unakaa benchi ya nyuma na wengine wenye kesi. Wazee wanne walinikalisha kwenye chumba cha nyuma. Mukubwa wao alikuwa Muzee Sebagabo, mutu wa Rutshuru, mupole, mwenye kuheshimiwa. Hata mimi nilimuheshimu, na ndiyo sababu iliniuma.

"Mama Nsimire, ulionekana Birere."

"Ndiyo, Muzee."

"Na chupa ya kanyanga."

"Chupa mbili, Muzee. Aliyeniona hakuhesabu muzuri."

"Zilikuwa za nani?"

"Za buibui."

Mumoja wao akajikaza asicheke. "Sasa buibui banakunywaka kanyanga?"

"Hapana, Papa. Bamekufa."

Hapo walicheka wote, isipokuwa Muzee Sebagabo. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya mutu anayekuonea huruma: "Mama, hatutaki kukupa haya. Jumapili simama, sema neno moja tu, nimekosa. Siku ileile unarudia kwaya. Ili mambo iishe."

"Muzee, nikisema nimekunywa, hapo ndipo nitatenda zambi, maana nitakuwa nimesema uongo mbele ya meza ya Bwana. Kujeni labo. Ni mwendo wa nusu saa. Nitawaonyesha vichupa kimoja kimoja."

"Hatuna haja ya kuona."

Hatuna haja ya kuona! Niliposikia hivyo nikamukumbuka profesa na barua yake. Watu wawili ambao hawajawahi kukutana, na wote wanataka neno moja dogo kutoka kinywani mwangu ili wakae kwa amani. Nilisimama, nikawaambia wazee kwaherini, nikafunga mulango polepole ili wasiseme nimeubamiza.

Sitawadanganya, niliumia. Binti yangu aliniomba kwa machozi: "Mama, sema tu, watu wanatucheka." Majirani walianza kunusa pumzi yangu wakinisalimia. Na kweli nilinuka, mutu anayemimina kanyanga kutwa nzima atanuka nini, marashi? Lakini kila Jumapili nilivaa kitenge changu kizuri, nikaenda kukaa benchi ya nyuma, kati ya kijana aliyeoa bila kanisa na mama aliyepigana kisimani. Na kwaya ikianza, na mimi ninaanza. Walinikataza kwaya, hawakunikataza mudomo. Nilikuwa nina sauti kubwa, na ninyi munajua bado ninayo.

Halafu siku moja volkano ikashuka mujini. Mulikuwa wadogo au hamujazaliwa, lakini wazazi wenu wamewasimulia, sitarudilia. Ilikuwa mchana, nilikuwa labo. Watu walikimbia na magodoro, na masanduku, na mbuzi. Mimi nilisimama katikati ya chumba, nikatazama mikroskopu, nikajaribu kuinua, ikanishinda. Nikachukua sufuria yetu ya kuchemshia muchanga, nikapanga ndani vichupa vya Munigi, nikaongeza chupa moja ya kanyanga iliyobaki, nikafunika, nikafunga na kitenge, nikatia kichwani. Tukavuka mupaka kwenda Gisenyi na umati wote. Labo nilisikia tu baadaye kwamba imekwenda.

Kule tulikaa kwenye uwanja wa shule, kila mutu na kidogo alichokuwa nacho. Na nani yuko hatua kumi kutoka kwangu? Muzee Sebagabo na bibi yake. Hawakuwa wamekula toka jana. Aliitazama sufuria yangu muda murefu, mwishowe njaa ikamushinda haya.

"Mama Nsimire, iko kakitu ka kula mule?"

"Fungua uone, Muzee."

Alifunua. Akaruka nyuma. "Yesu wangu! Mama! Muji unaungua, wewe unabeba buibui?"

Nilicheka, na bibi yake akacheka, na watu wa kando wakacheka bila kujua ni nini. Lakini yeye hakucheka. Alirudi, akachuchumaa, akachukua kichupa kimoja, akakiinua kwenye mwanga. Akaona wale watatu mule ndani, na karatasi yangu. Akasoma taratibu kwa sauti: "Si yule wa kwanza. Sijui." Akanusa kizibo. Alijua. Niliona usoni mwake kwamba amejua kanyanga ilikwenda wapi. Akarudisha kichupa mahali pake, akafunika sufuria kwa mikono miwili, akarudi kwa bibi yake.

Watu hawakuvumilia kukaa kule. Siku chache tu, tukarudi kwa miguu juu ya lava ambayo bado ina joto. Ganda la lava linakata kama kioo. Bibi ya Muzee Sebagabo alikanyaga vibaya, muguu ukapasuka, damu na vumbi. Hakukuwa na farmasi, hakukuwa na maji safi. Muzee alinitazama. Nilingoja. Nilitaka aitaje kwa jina yeye mwenyewe, Mungu anisamehe.

"Mama," akasema, "ile... ile ya buibui."

"Inaitwa kanyanga, Muzee."

"Tafazali, nipe kanyanga."

Nilikuwa na chupa moja, ya kuongeza katika vichupa mpaka sijui lini. Nikaimimina nusu kwenye jeraha lake. Mama wa watu alipiga yowe hata waliotangulia wakageuka. Nikamufunga na kipande cha kitenge changu. Muzee akanishukuru, kisha, tukitembea, akasema kwa sauti ya chini: "Unajua, ukisema kaneno kadogo tu Jumapili..."

"Hapana, Muzee. Sasa ni zamu yako kusema."

Hakusema. Kanisa likajengwa upya, benchi ya nyuma ikajengwa upya, mimi nikarudi kwenye nafasi yangu. Miaka ikaenda. Uasi mumoja ukaisha, mwingine ukaanza. Vichupa nilivihifadhi chini ya kitanda changu, nyumbani mutaa wa Himbi, na kila miezi michache ninachungulia, ninaongeza. Kanyanga inayowaka bluu, kila mara. Muzee Sebagabo alikuwa akinisalimia kwa heshima kubwa na kutazama viatu vyake.

Sasa Aline. Munamujua, ndiye amewafundisha ninyi. Alifika hapa akiwa bado mwanafunzi, na mikroskopu ndani ya sanduku na kitabu cha profesa yuleyule. Aliambiwa kuna mama mumoja ana vichupa vya zamani. Nikamupa sahani ya muchanga mweusi. Akamulaza yule wa aina ya kwanza, akatazama. Akamulaza wa pili, akatazama. Akarudi kwa wa kwanza. Akazungusha sahani, akatazama tena.

"Mama," akasema. "Mukono wa kushoto. Iko kajino."

"Ndiyo, iko."

"Na huyu mwingine hana. Mama, ni aina mbili!"

Nilikwenda uani nikajifanya ninaanua nguo.

Jumapili ile alinifuata kanisani. Kwetu, kabla ya sadaka, wageni wanasimama wanajitambulisha. Mimi sikumutuma, ninaapa. Alisimama palepale benchi ya nyuma, akasema: "Bwana asifiwe. Naitwa Aline, ninatoka Kisangani. Nimekuja kwa sababu ya Mama Nsimire. Wakati wa vita, pombe ya labo ilipokwisha, yeye alihifadhi buibui katika kanyanga. Bila ile kanyanga, dunia isingejua kwamba wako. Ninawasalimu."

Kanisa lote liligeuka nyuma. Hata watoto. Yule mama wa sauti ya pili aliinamisha kichwa ndani ya kitabu cha nyimbo.

Halafu nikasikia fimbo. Muzee Sebagabo alikuwa amezeeka, alikaa mbele kabisa, kwenye viti vya wazee wa kanisa. Aliinuka. Mutu wa karibu akataka kumushika mukono, akakataa. Akatembea katikati, hatua kwa hatua, mbele ya watu wote, mpaka nyuma. Akasimama kwenye benchi yetu, benchi ya watu wenye kesi, akangoja. Nikasogea. Akakaa.

Mchungaji akachanganyikiwa. "Muzee, kiti chako kiko huku mbele."

"Niko mahali pangu," Muzee Sebagabo akajibu, na sauti yake ilisikika vizuri. "Nilibaona bale buibui kwa macho yangu. Nikanyamaza."

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kumwambia siku hiyo ikifika. Miaka yote nilikuwa ninayapanga. Niliyaweka kando yote. Nilimufungulia kitabu cha nyimbo, nikakiweka kati yetu, kwa sababu miwani yake aliiacha mbele.

Walinirudisha kwaya siku ileile, bila kusema nimekosa. Niliwashukuru, nikabaki nyuma. Kutoka huku ninaanzisha wimbo na wao mbele wanageuka kunifuata, ni vizuri wageuke. Muzee alikaa na mimi pale mpaka alipofariki, kila Jumapili, na nafasi yake siruhusu mutu aweke mufuko.

Basi, kuhusu ile picha yenu ya asubuhi: sijui. Muniletee buibui mwenyewe, dume, aliyekomaa, ndani ya kichupa, na etiketi ya penseli. Na kibiriti, musisahau.